Maji ya Majivu na Shati Jeupe



Mama mmoja wa Kindu alitungojea mlangoni baada ya mkutano wa wazazi shuleni. Alitupa swali lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Mumewe ni mwalimu, na mshahara huja kwa kuchelewa. Watoto ni watano, na wa mwisho angali ananyonya. Sabuni ya unga, ile inayouzwa kwa vipakiti vidogo, inamaliza fedha ya mboga. Mikono yake imechubuka. Tena mtoto mchanga ametoka vipele mahali nguo inapobana. Basi mama mkwe wake akamwambia auache unga ule, afue kwa maji ya majivu na majani ya mpapai, kama walivyofua wazee. Majirani waliposikia, wakamcheka. Wakasema, "Huyu amerudi porini." Ndipo akatuuliza, "Mwalimu, mama mkwe wangu anasema kweli, au ananirudisha nyuma?"

Tulimwahidi kwamba tutamjibu katika ukurasa huu. Tulikuwa na sababu ya kutomjibu papo hapo: swali lake lilitugusa mahali panapouma. Sababu hiyo tutaieleza, lakini kila jambo na zamu yake.

Tuanze na kazi yenyewe ya kufua, maana anayeijua kazi hadanganywi na rangi za pakiti. Uchafu wa nguo, kwa sehemu kubwa, ni jasho na mafuta yaliyoshika vumbi. Maji na mafuta hayapatani. Kila mama amekwisha kuyaona yakikataana katika sufuria. Panahitajiwa mpatanishi. Sabuni ndiyo mpatanishi huyo. Kila chembe yake ni kama mtu wa mikono miwili: mkono mmoja hushika maji, na wa pili hushika mafuta. Nguo ikisuguliwa, mafuta hukatika vipande vidogo sana, kila kipande huzungukwa na chembe hizo, kisha maji ya kusuuza huvichukua vyote. Unga wa kiwandani hufanya kazi hiyo hiyo. Na mimea mingi imepewa kitu cha namna hiyo ndani yake, ambacho wataalamu wamekiita saponini, kutokana na jina la Kilatini la sabuni, yaani *sapo*. Ukisikia ya kwamba tunda au mzizi fulani hutoa povu lisilokufa upesi, ujue kwamba huenda saponini imo.

Tukitaja Kilatini msituone tunajivuna. Tulifundishwa kwa jasho, basi tuacheni tukitumie. Plinius Mzee, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika ya kwamba Wagalia, wazee wa Wafaransa, walitengeneza *sapo* kwa mafuta ya wanyama na majivu, nao waliitumia kuzitia nywele zao wekundu. Neno hilo lilipita kwa Waarabu likatufikia sisi likiwa sabuni. Kwa Wafaransa likawa *savon*. Kuna na neno jingine. Watu wetu waliosoma Kifaransa, wanapotaka kusema kazi ya kufua, husema *lessive*. Neno hilo limetoka katika Kilatini *lixivia*, nalo maana yake ni maji ya majivu! Kwa hiyo majirani waliomcheka mama yule, nao wenyewe hutaja majivu kila wanaposema Kifaransa chao. Hata Mtakatifu Yeronimo, alipotafsiri mahali ambapo manabii Yeremia na Malaki wanataja kitu cha kufulia, katika mahali pote pawili aliandika *herba*, yaani jani. Alijua kwamba katika nchi zile wafuaji walipata dawa yao katika mimea.

Sasa tuje kwetu.

Sisi tulizaliwa katika nchi ya mawese, upande wa Kasongo. Vita vilipoanza mwaka 1998, tulikuwa na miaka kumi. Treni ya kwenda Kindu ikasimama kwa miaka, magari yakakoma, na vitu vya dukani vikawa vinaletwa kwa baiskeli, mtu akiusukuma mzigo wake siku nyingi katika njia za msituni. Chumvi na sabuni ndizo zilizotangulia kutuishia. Mama aliyetuzaa hakuwa na sabuni, lakini alikuwa na migomba nyuma ya nyumba na michikichi mbele yake, naye alikuwa amemwona mama yake mzazi akifanya kazi ile. Akaikumbuka.

Alianika maganda ya ndizi na mikungu mitupu ya chikichi mpaka ikakauka, akaichoma mahali pakavu, akayachekecha majivu, akayaweka katika mtungi wenye kifuniko. Majivu yaliyonyeshewa hakuyataka kabisa. Alisema mvua imekwisha kuyanywea nguvu. Alikuwa na chungu kikuukuu kilichotobolewa matundu chini. Alitandika majani makavu ndani yake, akatia majivu, akayashindilia kidogo, kisha akamimina maji ya mvua polepole. Chini yakadondoka maji ya rangi ya chai. Maji hayo aliyapitisha tena katika majivu mapya ili yazidi ukali. Halafu akachukua yai bichi, akaliweka juu yake. Yai likizama, maji hayajawa tayari. Likielea na kuonyesha kipara chake, ukubwa wa sarafu ya zamani, maji yanafaa kwa sabuni.

Wanafunzi wetu hupenda kucheka wakisikia habari za yai hilo. Lakini yai lile ni chombo cha kupimia kama vile vyombo vya kioo vilivyo katika maabara: kadiri maji yanavyobeba potasi nyingi, ndivyo yanavyozidi uzito, na ndivyo yai linavyoinuka. Majivu ya maganda ya ndizi na ya mikungu ya chikichi yana potasi nyingi sana, kupita majivu ya miti iliyo mingi. Mzee aliyewachagulia binti zake majivu hayo alikuwa amejaribu na kulinganisha, ijapokuwa hakuandika.

Tena kuna jambo jingine lililotushangaza tulipokuwa watu wazima na kujifunza kemia. Potasi ya majivu ni pole kuliko ile soda kali inayouzwa madukani. Haiwezi kuyageuza upesi mafuta mapya yawe sabuni. Lakini mafuta yakichacha, asidi zake hujitenga, na asidi hizo potasi ya majivu huzishika kwa urahisi. Mama yetu hakujua neno asidi. Alijua tu kwamba mawese mabichi ni ya chakula, na kwamba yale yaliyochacha chini ya mtungi, ambayo mtu hawezi kuyala, ndiyo ya sabuni. Akina mama, shikeni sana jambo hilo. Hatuwaambii mkawanyime watoto mafuta ya mboga ili mpate kufua.

Basi aliyatia moto mawese yale kwanza, mpaka wekundu wake ukafifia. Kisha akaongeza maji ya majivu kidogo kidogo, akikoroga kwa mwiko mrefu. Kazi hiyo ilichukua nusu ya siku na zaidi. Mafuta yalipokoma kuelea juu na uji ukawa mzito, alichukua kidogo akakisugua katika bakuli la maji. Yakionekana macho ya mafuta, aliongeza maji ya majivu. Kikiuma mikono, aliongeza mafuta na kupika tena. Sabuni ya potasi haigandi sana. Yetu ilibaki laini kama ugali, nasi tuliifinyanga madonge na kuyafunga katika majani ya mgomba. Mwenye chumvi anaweza kuyeyusha konzi moja au mbili katika maji na kuyatia mwishoni, na sabuni itajitenga juu na kugandamana vizuri. Lakini mwaka ule chumvi ilikuwa adimu kuliko sabuni yenyewe. Madonge yakae majuma manne kabla ya kutumiwa, yapate kupoa ukali.

Hatari za kazi hii hatuwezi kuzipita mbio. Maji ya majivu yaliyokolea yanaunguza. Katika mtaa wetu, miaka ile ile ya vita, mama mmoja aliyaweka katika chupa ya kinywaji kitamu, akaitia pembeni mwa nyumba. Mtoto wake wa kiume alikuwa na kiu. Alikunywa mara mbili tu. Hakufa, lakini koo lake liliungua, likapona kwa kovu, na tangu siku ile alikula uji tu. Tulicheza naye. Tunakumbuka jinsi alivyokaa pembeni wakati sisi tulipokuwa tukila mihogo ya kuchoma, akitutazama tukitafuna. Kwa ajili yake tunaandika maneno haya kwa mkazo: maji ya majivu, kama ilivyo soda kali, yasikae kamwe katika chupa ya kinywaji wala katika kikombe. Yakae katika chombo chake, juu, penye kifuniko. Mtoto akinywa, asitapishwe, maana yatamwunguza mara ya pili yakirudi. Asukutue kinywa kwa maji na apelekwe hospitali mbio. Yakimwagikia ngozi au macho, oshea maji safi mengi kwa muda mrefu, usipake limau.

Wala usiyapike katika sufuria ya alumini. Maji hayo huila alumini, sufuria hugeuka nyeusi na kutoboka, na sabuni inaharibika. Tumia chungu au chuma. Majivu nayo yawe ya mimea mitupu: msichome mbao zenye rangi wala mifuko ya plastiki mkadhani yote ni majivu.

Maji hayo yakiwa mepesi, yaani yai likizama kabisa ndani yake, yanaweza kutumiwa hata pasipo mafuta. Nguo nyeupe za pamba zikilowekwa humo usiku mmoja hulegea uchafu wake, na siku ya pili sabuni kidogo hutosha. Penye maji yenye chokaa, ambapo sabuni hugeuka utando badala ya povu, majivu huishika chokaa ile kwanza, na sabuni hupona. Nguo za rangi zisilowekwe humo, wala za sufu. Baada ya kufua, mnaweza kuzitandaza nguo nyeupe juu ya majani mabichi zingali zimelowa, jua lizipige. Jua ni dawa ya weupe isiyouzwa. Doa la kutu hutoka kwa ndimu na chumvi. Doa la utomvu wa mgomba hatujaliona likitoka kwa kitu chochote. Aliye na dawa yake atuandikie.

Labda mtasema: kama mambo ni hayo, unga wa kiwandani ulitoka wapi, na kwa nini umeishinda sabuni? Sikilizeni, habari hii ina kichekesho chake. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani walifungiwa njia za bahari, wakakosa mafuta ya kupikia sabuni. Mwaka 1916 wataalamu wao wakatafuta kitu cha kufulia kisichohitaji mafuta ya chakula, wakakitengeneza kwa kemikali. Huo ndio mwanzo wa ukoo wa unga huu, ambao baada ya vita vya pili ulienea duniani mwote, ukitengenezwa zaidi kwa mafuta ya petroli. Vita viliwanyima Wajerumani mafuta, wakaunda unga. Vita vilitunyima sisi unga, tukarudia mafuta yetu.

Na mafuta hayo yetu yana historia. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilipatana na mfanya sabuni Mwingereza, William Lever, akapewa haki ya kuchukua mawese katika duara tano kubwa za nchi ya Kongo. Pale Lusanga, katika Kwilu, pakaitwa Leverville kwa jina lake. Chikichi zilikatwa na watu wetu, wengi wao kwa kulazimishwa, na mafuta yakavuka bahari kwenda kuwa sabuni. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, na katika sababu za uasi huo mlikuwamo kodi na kazi hiyo ya chikichi. Basi mtu wa nchi ya mawese akiona haya kupika sabuni ya mawese, tunamwuliza: sabuni iliyopikwa Uingereza ilikuwa imetoka katika mti gani?

Turudi kwa majani ya mpapai, maana mama mkwe aliyataja. Hayo nayo si uongo, ila kazi yake ni nyingine. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata damu, maziwa, usaha na vitu vyote vya jamii ya nyama. Kwa hiyo wapishi huwekea nyama ngumu katika majani hayo. Viwanda navyo hutia vimeng'enya vya aina hiyo katika unga wao, tena hujisifu navyo juu ya pakiti. Majani mabichi yakipondwa, yakalowekwa katika maji ya uvuguvugu, na nguo yenye doa la damu au la maziwa ikakaa humo saa moja au mbili, doa hulegea. Maji ya moto yasitumiwe, maana huua kimeng'enya, na damu ikipikwa hushikamana na nguo. Lakini majani ya mpapai hayaondoi mafuta ya injini wala kola nyeusi ya mwanafunzi. Hayachukui mahali pa sabuni, huisaidia. Utomvu wake huwasha ngozi na macho, na huila nguo ya sufu au ya hariri, kwa kuwa nayo ni ya jamii ya nyama.

Mti mmoja zaidi tungependa mwujue, ingawa haumo katika mabonde yetu ya Maniema. Ni kichaka kinachopanda juu ya miti mingine katika nchi za milima, Kivu ikiwemo, chenye vishada vya matunda madogo. Wataalamu hukiita *Phytolacca dodecandra*, nao Waethiopia hukiita endodi. Huko Ethiopia akina mama wamefua kwa matunda yake tangu zamani. Wanayakausha, wanayasaga, na unga wake hutoa povu jingi. Mwaka 1964 mtaalamu Mwethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa akichunguza ugonjwa wa kichocho huko Adwa. Aliwaona wanawake wakifua mtoni kwa endodi. Akaona tena kwamba upande maji yanakoshukia, chini ya wafuaji, konokono wengi wamekufa. Nao konokono ndio wanaokilea kijidudu cha kichocho kabla hakijatoboa ngozi ya mtu. Povu la akina mama wale lilikuwa likiwaua! Aliifanyia kazi habari hiyo miaka mingi, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes wakapewa tuzo ya Right Livelihood. Sisi wa Maniema, ambao kichocho kimewala watoto wetu tangu zamani, tungepaswa kuijua habari hii kama tujuavyo majina ya wachezaji wa mpira.

Lakini tazameni upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Kilichomwua konokono humwua na samaki. Saponini huharibu matamvua yake, naye hufa kama afavyo kwa utupa unaotiwa mtoni na wavuvi wasio na subira. Matunda ya endodi ni sumu kwa mtu na kwa mnyama anayeyala. Asiseme mtu basi, "Ni jani, kwa hiyo halina neno." Mihogo michungu nayo ni mmea.

Hata unga wa kiwandani tusiusingizie. Unga huo hufua vizuri katika maji ya kila namna, na mama mwenye watoto watano na saa moja ya mchana hakosi kwa kuutumia. Makosa yake ni mengine. Kwa miaka mingi ulitiwa fosfati, ambazo zikifika ziwani huwa mbolea ya mwani. Mwani ukifa na kuoza, hula hewa iliyo majini, na samaki hukosa pumzi. Uswisi ilikataza fosfati hizo katika sabuni za kufulia tangu mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya uliziwekea kikomo kikali tangu mwaka 2013. Kwetu, kijito kinachofuliwa ndicho kinachonyweka. Kwa hiyo, uwe na unga, uwe na donge la majivu, usifulie ndani ya kijito. Teka maji, fulia katika beseni mbali na ukingo, umwage maji machafu penye majani. Miguu yako nayo itaepukana na kichocho. Penye ugonjwa huo, maji yaliyotekwa yakae siku mbili katika chombo kilichofunikwa kabla ya kutiwa mikono. Kijidudu kile hakiishi muda huo pasipo kumpata mtu.

Sasa tumjibu mama wa Kindu. Mama mkwe wako anasema kweli, ila ameiacha nusu ya habari. Vipele vya mtoto huenda vimeletwa na sabuni iliyobaki katika nguo, iwe ya unga au ya majivu. Punguza unga: watu wengi hutia kupita kiasi kinachofaa kwa kupenda povu. Suuza mara tatu, hata maji yasiteleze tena vidoleni. Nguo za mtoto mchanga usizifue kwa maji ya majivu matupu, wala kwa majani ya mpapai, kwa kuwa ngozi yake ni nyororo mno. Zifue kwa donge lililokaa mwezi mzima, au kwa sabuni ya kawaida ya kipande, uzichemshe, uzianike juani. Vipele visipotoweka kwa juma moja, mwende zahanati. Kwa nguo za wakubwa, mwambie mama mkwe akufundishe kupika sabuni, nawe ukae karibu naye kwa heshima na kuyaandika maneno yake katika daftari la mmoja wa watoto. Na mumeo akoroge. Mikono ya mwalimu haivunjiki kwa mwiko. Tunamfahamu mwalimu mwingine aliyekoroga, naye yu hai anaandika ukurasa huu.

Tuliahidi kueleza kwa nini tulichelewa kumjibu. Mwaka 2001 tulipokwenda seminari ndogo, mama yetu alitupa madonge matatu ya sabuni yake, yamefungwa katika majani ya mgomba. Shati letu lilikuwa jeupe, lakini si weupe wa mjini. Lilikuwa na wekundu wa mbali, na harufu ya moshi. Wenzetu wawili walikuwa na sabuni ya duka, yenye manukato. Usiku wa kwanza mmoja akauliza ni nani aliyeleta jiko bwenini. Wote walicheka, na sisi tulicheka pamoja nao. Kesho yake kabla ya alfajiri tuliyachukua madonge yote matatu, tukayatupa katika choo. Muhula mzima tulifua kwa kuomba mabaki ya wengine.

Wakati wa likizo mama alituuliza, "Sabuni ilitosha?" Tukajibu, "Ilitosha, mama." Akafurahi, akatupikia manne.

Leo mikono yake imekakamaa, hawezi tena kuushika mwiko mrefu. Hukaa barazani akimwelekeza binti yetu, naye binti ndiye anayepika, na ndiye anayeliweka yai juu ya maji na kuita, "Bibi, limeinuka!" Jumamosi iliyopita, baada ya swali la mama wa Kindu kutunyima usingizi siku kadhaa, tuliketi karibu naye tukamwambia habari ya choo, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Aliendelea kuchambua majivu kwa kijiti chake. Tulidhani hakusikia. Kisha akasema:

"Basi, mwanangu, choo cha shule yenu kilitakata kuliko ninyi."

Akamwita mjukuu wake aongeze kuni.